Siku Kitanda Changu Kilipofunguka Stesheni ya Malampaka

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mwingine akaipindisha: ndiyo, kile kitanda kilichoshushwa mchana kweupe pale stesheni ya Malampaka, abiria wa treni wakatoa vichwa madirishani kukitazama kama vile ameshuka mkuu wa mkoa, kilikuwa changu, na shuka lilikuwa langu, na lile gauni la kulalia lenye tundu kwapani lilikuwa langu pia. Nimechekwa kwa habari hiyo kutoka Nkololo mpaka Mwandoya, nimechekwa na watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli, na leo nimezeeka, magoti hayanyooki, bado nikienda sokoni hakosekani mmoja wa kuniuliza, "Bibi, kitanda hakijambo?" Namjibu hakijambo, kinakusalimu, na mke wako hajambo?

Mimi ni Mbuke binti Ndaki, huku kwetu Nkololo wananiita Ng'wana Ndaki. Shule niliishia darasa la tatu, mengine nikaokoteza kwenye ngumbaru, kwa hiyo mwandiko wangu mtauvumilia, lakini majina sisahau, hata ya watu niliokutana nao mara moja tu maishani.

Mambo haya yalikuwa miaka ile ya ruksa, pamba ilipoanza kununuliwa na watu binafsi, malori yao yakawa yanapita mpaka vijijini, na maduka ya Bariadi yakajaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tukivisikia tu. Mume wangu Masunga alikuwa na miaka mitatu kaburini. Aliniachia mji, yaani boma na nyumba zake, zizi la ng'ombe, na binti yetu wa mwisho, Minza. Mdogo wake Masunga, shemeji yangu Maduhu, alitaka kunirithi mimi pamoja na ng'ombe (nadhani ng'ombe ndio waliotangulia moyoni mwake), nikakataa, nikamwambia mimi si jembe la kurithiwa. Hakunigombeza. Alikaa tu akingoja nikosee, kama fisi anavyokaa nyuma ya boma, na kila akija kusalimia alikuwa akiwahesabu ng'ombe kwa macho.

Basi siku moja nimekwenda Bariadi mjini kununua chumvi, nikapita kwa Fundi Sayi, yule aliyekuwa na gereji nyuma ya mashine ya kusaga, nikaliona gari. Lilikuwa la Wazungu wawili wazee, mume aliitwa Pita na mke Ana, walitoka kwao kwa barabara wakapita nchi zote hizo, walipotokea upande huu wa Serengeti mama wa watu akashikwa na malaria kali, wakapanda ndege Mwanza wakarudi kwao, gari wakamwachia Sayi auze. Nje ni gari. Ndani, wanangu, ni nyumba! Kuna jiko la gesi la mafiga mawili, kuna sinki la kuoshea vyombo, kabati, mapazia, na kiti kirefu cha sponji ambacho ukivuta mkono fulani mwekundu kinajilaza chenyewe kinakuwa kitanda.

"Ng'wana Ndaki," Sayi akaniambia akipiga bodi kwa kiganja, "hili ni difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mbuga yote hii ya udongo mweusi linapita, masika na kiangazi. Linavuta miguu yote minne."

"Ng'ombe pia anavuta miguu yote minne," nikamwambia.

"Lakini, mayu, mama yangu, ng'ombe hana jiko tumboni."

Hapo akanimaliza. Maana nilishaona akilini: mnada wa Mwandoya, mnada wa Bariadi, mimi nimefungua mlango wa pembeni nauza chai na maandazi ya moto, sina haja ya kujenga kibanda, na jua likizama nalala mulemule kwenye gari langu nimefunga kwa ndani, siendi gesti kusemwa. Nikauza ng'ombe kumi na wawili mnadani (nawakumbuka wote, aliyeniuma zaidi ni Mapembe na yule jike tuliyemwita Harusi), nikamlipa Sayi, nikamchukua na dereva, Shija, kijana wa kijiji cha Kanadi aliyekuwa mwaminifu mpaka inakera. Hilo la uaminifu mtaliona mbele.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulionimaliza. Siku ya kulichukua gari Sayi akaniuliza, "Hiki kiti-kitanda nikitoe, nikufungie mabenchi mawili ya mbao? Utapakia watu wengi." Nikakaa juu yake. Lile sponji likanipokea. Miaka thelathini nilikuwa nimelalia ngozi na godoro la pamba lililoshikana kama tofali, mgongo wangu ukaniambia Mbuke usiwe mjinga. Nikasema, "Kiache."

Kiache! Neno moja tu.

Nikaanza kukilalia, si mnadani tu, hata nyumbani, gari limeegeshwa uani. Asubuhi nakikunja kinakuwa kiti, wanawake wenzangu wanakuja, wanakaa, tunakunywa chai tukiangaliana kwenye kioo cha dereva. Kijiji kizima kilijua Ng'wana Ndaki analala kwenye gari. Maduhu akaona wakati wake umefika. Akaita wazee wa ukoo, akasema shemeji amechanganyikiwa, ameuza mifugo ya marehemu kununua bati la kulalia, ng'ombe waliobaki wahamie kwenye zizi lake kabla hawajageuzwa matairi.

Mzee Gamaya, mkubwa wa ukoo, akaniuliza ninasemaje. Nikasema gari hili si la kulalia, ni la kazi, na mtaiona kazi yake siku ya harusi ya Minza. Wakwe wanatoka Shinyanga kwa treni mpaka Malampaka. Nitakwenda kuwachukua na gari langu, nitawafikisha hapa kwa heshima, hawatapanda lori kama magunia.

Maduhu akadakia, "Na usipowafikisha?"

"Nisipowafikisha, njoo na fimbo yako uswage ng'ombe."

Wazee wakaitikia. (Ulimi wangu huo! Ungekuwa na breki ningekuwa mtu tajiri leo.)

Siku yenyewe ikafika. Misa ilikuwa saa nane mchana. Tulitoka gizagiza, mimi nimevaa kitenge kipya, Shija amevaa koti la marehemu Masunga. Na msifikiri sikuwaza mambo ya heshima. Niliwaza! Mkwe kwetu hamtazami mama mkwe wake usoni hivihivi, wala hali naye chungu kimoja, kwa hiyo nikapanga vizuri: mimi nakaa mbele na dereva, katikati nimefunga pazia, wao wanakaa nyuma kwenye kiti, hatuonani mpaka Nkololo. Kiti nimekitandika kitambaa cha kufuma. Nikajiona nina akili kuliko wanawake wote wa wilaya. Kitu kimoja tu sikukiwaza, kwamba mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe, na kitanda chake hakigusi hata kwa kidole, kwa sababu kichwani mwangu kile kilipokunjwa kilikuwa kiti, na kiti ni kiti. Tena kwa haraka ya alfajiri nikakikunja na kila kitu ndani, shuka, mto, na gauni.

Treni ilichelewa, ikaingia kama saa nne. Wakashuka: Luhende, bwana harusi, mwalimu, suti yake ya kijivu bado ina mikunjo ya sanduku, baba yake, Mzee Jilala, mrefu, hacheki, shangazi yake Luhende, ambaye kwetu huitwa sengi, Sengi Kabula, mwanamke mnene mchangamfu ambaye mikono yake haitulii, na ndugu wengine wa kiume wanne. Nikawasalimu kwa mbali nimeinama, "Mwangaluka," wakaitikia vizuri. Luhende akatazama chini kama inavyotakiwa. Nikasema moyoni, mwana aliyelelewa.

Waliliona gari wakashangaa. Watu wa stesheni nao wakasogea, wauza karanga, wapagazi, maana gari la namna ile Malampaka halikuwa likionekana kila siku. Mzee Jilala akapanda, akakaa. Luhende akapanda, akakaa kando ya baba yake, katikati kabisa. Sengi Kabula akapanda akawa anafungua makabati na kuyafunga.

"Yoo! Na bomba la maji limo? Na hiki chekundu ni nini?"

Mimi nilikuwa mbele, nimesikia swali, nikageuka nijibu, pazia likanizuia. Nikasikia "kachaa!"

Kile kiti kikajilaza. Mzee Jilala alikuwa pembeni akawahi kushika dirisha, lakini Luhende, mwalimu wa watu, alikwenda chali, miguu juu, kichwa kwenye mto wangu, na gauni langu likaruka kutoka kwenye mkunjo likamfunika uso. Nilikuwa nimeshafunua pazia. Nikamwona mkwe wangu amelala kwenye kitanda changu siku ya harusi yake, na yeye alipoliondoa gauni usoni, mtu wa kwanza aliyemwona ni mimi.

Yule mtoto alipiga ukelele ambao hata kichwa cha treni hakikuwahi kuupiga. Alitoka mlangoni bila kugusa ngazi, akavuka jukwaa, akapanda tena kwenye behewa, akajifungia chooni. Treni bado imesimama. Nilidhani anarudi Shinyanga na binti yangu anabaki na keki.

Mzee Jilala akashuka taratibu, akajipangusa suruali kama aliyekalia moto. Hakupandisha sauti. "Mama," akasema akitazama pembeni, "hiki kitanda ni cha nani?"

Hapa ningesema kweli yangeisha mapema. Lakini niliwaona ng'ombe wangu wote wakipita mbele ya macho, mkia kwa mkia, wanaelekea kwa Maduhu.

"Cha Wazungu!" nikasema. "Ni kitanda cha Wazungu, kilikuja na gari, mimi hata sijui kinafungukaje."

Na Shija, Mungu amsamehe, akiwa ameshika stelingi, akasema kwa upole, "Lakini mama, si ndicho unacholalia? Na gauni ni lile uliloanika juzi."

Watu walicheka, wanangu. Mpagazi mmoja, Ndege lilikuwa jina lake, alikaa chini kabisa. Muuza karanga, Sofia, akaimwaga sinia yake hakujali. Dirishani kwenye treni mtu akapaza sauti, "Mama mkwe, na sisi tupate nafasi!" Nikamwambia ashuke aione. (Hakushuka.)

Aibu ikiniwasha, badala ya kunyamaza nikaongeza. Nikasema, kama kosa ni kitanda, kitanda kinatoka sasa hivi. Shija akachukua spana, wapagazi wakajitolea bila hata kuombwa, wakang'oa, wakavunja bawaba zote mbili, wakakitoa wakakiweka jukwaani juani. Hapo ndipo nilipoona nimeongeza kuni. Ndani ya gari kilionwa na watu saba, nje kikaonwa na treni nzima, na katikati ya lile sponji kuna shimo la mwili wangu, limechongeka barabara, mpaka nyonga unaziona. Wale ndugu wanne wa Luhende, maana mimi ni mkwe kwao pia, wakageuka wote kwa pamoja wakatazama ukuta wa stesheni, kama wanafunzi wanaosubiri viboko.

"Sasa hakimo," nikamwambia Mzee Jilala. "Pandeni."

"Mama, kitanda kimetoka lakini chumba ni kilekile. Hatuwezi."

Sengi Kabula, aliyekuwa ameona haya kwa ule mkono wake, akajaribu kusaidia. "Basi wapande juu, kwenye keria."

Mzee Jilala akamtazama. "Kabula. Unataka mwanao akae juu ya paa la chumba cha mkwe wake?"

Sengi akafumbata mikono yake, kwa mara ya kwanza nadhani tangu azaliwe.

Treni ikapiga honi. Mzee mwenyewe alikwenda kumtoa Luhende chooni, wakazungumza mlangoni pale, nikawa naona tu suti ya kijivu inatikisika. Mimi nimesimama kando ya kitanda changu, sina pa kushika. Mwisho akashuka. Mzee Jilala akaja mpaka hatua kumi kutoka kwangu akasema, "Kijana anamtaka Minza. Harusi ipo. Hili lililotokea tutalisafisha kwa mbuzi, wewe utatoa mbuzi."

"Nitatoa hata wawili."

"Mmoja anatosha. Lakini gari hili hatupandi."

Pale karibu palikuwa na lori la mnunuzi wa pamba linakwenda Bariadi na magunia matupu. Dereva wake, Masele, akakubali kuwafikisha Nkololo. Wakwe zangu wakapanda juu ya magunia, suti na yote, lori lilelile nililoapa mbele ya wazee kwamba hawatalipanda. Nasi tukafuata nyuma tukila vumbi. Kitanda bawaba zimevunjika, ndani hakirudi, kukiacha Malampaka nikakataa (sponji lile!), kwa hiyo Shija akakifunga kamba juu ya keria, miguu ikitazama mbinguni. Tulipita Maswa hivyo. Kila tuliyempita aliacha alichokuwa akifanya.

Nkololo wanatungoja watu zaidi ya mia, ngoma inalia, Minza amevaa shela tangu saa sita. Likaingia lori, wakashuka wakwe wana pamba kwenye nywele. Halafu nikaingia mimi na kitanda. Wapiga ngoma wakaacha ngoma wakaja kutazama.

Maduhu alikuwa amesimama mbele na fimbo yake, tena amevaa viatu vya kutembelea mbali.

"Wazee mmeona?" akasema kwa sauti ya mkutano. "Gari halikuleta wakwe. Limeleta kitanda!"

Vicheko. Mzee Gamaya akaniita mbele, nikaeleza yote, sikuficha hata gauni, maana nilikuwa nimechoka kudanganya kwa siku moja. Maduhu akasema maneno ni machache, ahadi ilikuwa ahadi, ng'ombe anawachukua leo na gari pia analichukua, ni mali ya kaka yake. Na kweli ahadi niliitoa kwa mdomo wangu. Nilimtazama Minza. Nikaona kama nikinyamaza hapa, kesho hata kubandika sufuria nitaomba ruhusa.

"Mzee Jilala," nikaita, "nakuomba useme mbele ya hawa. Mlikataa gari langu kwa nini? Ni bovu?"

"Si bovu," akasema.

"Ni chafu?"

"Hapana. Tulikataa kwa sababu ni chumba cha mama mwenye mji. Wanangu hawawezi kuingia chumba cha mama mwenye mji."

"Mama mwenye nini?"

"Mwenye mji."

Nikamgeukia Maduhu. "Umesikia watu wazima walivyoogopa kitanda changu, wakaona afadhali magunia. Wao wageni wameona hapa kuna mji na mji una mwenyewe. Wewe unasema ni mali ya kaka yako, imeshuka kwako. Haya shemeji, anza na kitanda. Kiko juu pale. Kishushe, ukibebe, ukipeleke kwako, watu wote hawa wanaona."

Maduhu ni mtu wa kuchokozeka. Alikwenda, akaweka mguu kwenye tairi, akashika kamba, akaanza kufungua fundo. Na hapo, kutoka kwenye masufuria ya pilau, tukasikia sauti ya Ngolo, mke wake.

"Maduhu! Kitanda cha mjane unakipeleka nyumba ya nani? Nyumba yangu? Utalala nacho wapi, kwa kuku?"

Mwiko wa pilau ukatangulia, Ngolo akafuata. Maduhu akaiachia kamba kama imegeuka nyoka, akashuka, fimbo ikabaki pale chini. Kicheko kilichopigwa siku hiyo kilinifidia nusu ya kile cha Malampaka. Mzee Gamaya akapangusa machozi akasema, "Aliyeshindwa kitanda hauwezi mji. Ng'ombe wabaki walipo. Twendeni kanisani, padri amesinzia."

Basi. Luhende na Minza wana watoto sita, na mpaka leo Luhende akija anapitia mlango wa nyuma, hapiti uani gari lilipo. Kitanda nilikirudisha ndani Sayi alipokitengeneza bawaba, nikauza chai minada yote miaka kumi na moja, nikasomesha wajukuu, na mgongo wangu haukuuma. Gari sikulijutia siku hata moja, semeni mtakavyo. Ninachojutia ni ule uongo wa "cha Wazungu", kwa sababu kama ni kuchekwa nilichekwa hivyohivyo, na juu yake nikaonekana mwoga, kitu ambacho sijawahi kuwa. Na kuna jambo nimeapa, ninalishika. Mwaka jana mjukuu wangu Emanueli, mtoto wa Minza huyohuyo, kaniletea kutoka Mwanza kochi zuri sana la rangi ya udongo, amefurahi, akaniambia, "Bibi, ona, ukivuta hapa linafunguka linakuwa kitanda." Nikamwambia, "Lirudishe ulikolitoa, na kamba za kulifungia hizi hapa."